Bibi hana tarehe: apewe 1 Julai, Sabasaba, 14 Oktoba au siku nyingine?

Kitambulisho cha bibi yangu kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1948. Siku na mwezi alipewa na karani, nami nilikuwepo. Bibi amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Karani akauliza tarehe ya kuzaliwa. Bibi akasema, "Andika unayoona inafaa, mwanangu." Yule kijana bila kuinua macho akagonga sifuri moja, sifuri saba, na foleni ikasogea. Ukiwaomba wazee wa mtaani kwetu Ujiji wakuonyeshe vitambulisho vyao, utadhani zamani watoto walikuwa wanazaliwa siku mbili tu kwa mwaka, 1 Januari na 1 Julai.

Mwaka hatuna ugomvi nao. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ndani ya jalada la msahafu wake kuna jina la bibi na namba 1367 kwa wino uliofifia. Kama aliandika na siku, mchwa wameila. Kona ya chini ya jalada haipo. Mwaka 1367 wa Hijria ulianza katikati ya Novemba 1947 ukaisha mwanzoni mwa Novemba 1948, kwa hiyo 1948 ya karani inaingia.

Mwaka huu wajukuu tumekubaliana bibi awe na siku yake, ukoo ukutane nyumbani kila mwaka badala ya kukutania misibani tu. Siku ipi? Hapo grupu la ukoo likawaka moto. Kila mtu ana tarehe yake mfukoni na sababu yake mdomoni. Mimi ni katibu, nikatupiwa kazi ya kuzipanga mezani. Naziweka na hapa kwa sababu nyumba yenye mzee asiye na tarehe si yetu peke yetu.

Kabla ya yote: kitambulisho msikiguse. Mkibadili tarehe pale, mtaifukuza benki, kwenye bima, kwenye laini ya simu na kwenye pasipoti, mpaka mzee achoke. Ya serikali ibaki ya serikali. Mnayotafuta ni ya nyumbani.

Tarehe nilizipima kwa maswali ambayo kila mwenye sherehe Kigoma anayajua hata kama hajayaandika. Siku hiyo tayari imebeba nini? Nani atafika na nani atakwama? Mvua je? Na kwa nyumba kama yetu ya Kimanyema, mfungo utaikuta lini? Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, na tarehe uliyoichagua leo ikiwa tupu itakuja kuangukia mchana wa mfungo.

1 Julai, ya karani

Hii inatetewa na wavivu, na mimi nilikuwa mmoja wao: ipo tayari, imechapwa, hakuna kikao. Isitoshe si siku ya bure. Tarehe 1 Julai 1962 Burundi na Rwanda zilipata uhuru, na jana yake, 30 Juni, ni uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Kwa mtu wa Dodoma hayo ni maswali ya mtihani. Kwa mtu wa Kigoma ni ratiba ya shemeji. Tuna ndugu Bujumbura wanaoingia kwa mpaka wa Manyovu, na tuna ndugu Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila upande unapumzika kazi siku ya kwao, lakini wanapumzika ili washerehekee kwao. Ukiwaita, wanakuja na moyo nusu.

Huku kwetu 1 Julai ni siku ya kazi. Ndiyo siku mwaka wa fedha wa Serikali unapoanza, na mjomba anayefanya kazi halmashauri alisema waziwazi kwamba siku hiyo hata bibi mwenyewe akimpigia hatapokea. Waliozaliwa siku hii wenye majina wapo, Diana wa Uingereza na mkimbiaji Carl Lewis, wote wawili mwaka 1961. Wadogo zangu hawakumjua hata mmoja. Ikashuka chini ya orodha.

14 Oktoba

Ilitolewa na mama mkubwa kwa hoja ya mapumziko: nchi nzima haiendi kazini, nauli ya kutoka Dar mtu anaipanga mapema, na ndugu wa Bujumbura wanakuwa na siku yao ya kupumzika jana yake, maana 13 Oktoba Burundi wanamkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961 ufukweni mwa ziwa hili hili letu. Kwa hesabu ya usafiri hakuna tarehe iliyokaa vizuri kuliko hii.

Bibi ndiye aliyeikataa. Mwalimu Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999, hospitalini London, na bibi anaikumbuka asubuhi ile kama jana: redio ikipiga nyimbo za maombolezo, majirani wametoka nje wamesimama tu na kanga zao, hakuna anayefagia. "Niimbiwe siku hiyo? Watu watanionaje?" Nikamwambia ni miaka mingi imepita na siku hizi ni kilele cha mbio za Mwenge, watu wanacheza ngoma uwanjani. Akanitazama. Nikanyamaza.

Halafu mjomba wa Kalemie akaongeza chumvi: 14 Oktoba ni siku aliyozaliwa Mobutu, mwaka 1930. Zama za Zaire, anasema, walikuwa wanajua siku hiyo watake wasitake. Basi tarehe moja, upande huu wa ziwa wanamlilia aliyekufa, upande ule wanamkumbuka aliyezaliwa kwa hisia nyingine kabisa. Ukoo wenye mizizi pande zote mbili hauwezi kukata keki katikati ya hapo.

Kama mzee wenu hana habari na hayo, na tatizo lenu kubwa ni likizo, ichukueni. Mvua za kwanza zinaweza kuwa zimeanza, lakini si za kukwamisha gari. Mfungo utaifikia mwaka 2037 au karibu na hapo.

5 Februari

Hii ni ya vijana, na sababu ni mbili: Cristiano Ronaldo amezaliwa 5 Februari 1985, Neymar 5 Februari 1992. Hoja imeisha. Mdogo wangu alishachora hadi tangazo, bibi katikati, hao wawili pembeni.

Nilicheka, kisha nikaanza kuichimba hiyo tarehe na nikakuta ina utajiri kuliko zote, tena wa kwetu kabisa. Tarehe 5 Februari 1915 ndipo Wajerumani walipoiteremsha majini hapa Kigoma meli ya Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupandishwa huku kwa reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu kabla. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, wakaipaka grisi kwenye mitambo kwanza, kama mtu anayefukia mali akijua kuna atakayeifukua. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hakuna mzee wa mwambao huu asiye na safari ya Liemba ya kusimulia. Bibi ana ya kwake ya kwenda Kasanga akiwa na mimba ya mama yangu, kutapika mwanzo mwisho.

Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, na miaka kumi baadaye, 5 Februari 1977, TANU na ASP zikaungana ikazaliwa CCM. Hapo ndipo tatizo lilipo. Siku hiyo mtaa unavaa kijani na njano, spika zinafungwa, na Kigoma mnaijua: ukoo mmoja una kadi za vyama vitatu, na shangazi mmoja anazo mbili. Sherehe ya bibi ikianza kuulizwa imeandaliwa na nani, hata pilau halitashuka.

La pili, si mapumziko. La tatu, Februari ni katikati ya masika yetu, njia ya kuteremka nyumbani kwa bibi inakuwa matope ya kuvulia viatu. Na mfungo uko mlangoni: mwaka 2028 na 2029 tarehe hiyo itakuwa ndani ya Ramadhani. Kwa familia ya Kikristo isiyojali siasa, yenye baba au babu aliyewahi kufanya kazi melini au bandarini, ningeipigia debe bila kusita. Kwetu nimeiacha kwa majonzi.

10 Novemba na 9 Desemba

Hizi nitazipitia haraka. Ya kwanza ni ya binamu anayetembeza wageni pale kwenye makumbusho ya Ujiji, chini ya miembe: siku Stanley alipomkuta Livingstone, 10 Novemba 1871. Ina fahari ya mji, sikatai. Ila hata wenyewe hawakukubaliana ilikuwa lini. Hiyo 10 Novemba ni ya Stanley. Livingstone alikuwa ameugua na kupotewa na hesabu ya siku, na shajara zao hazilingani. Kumtoa bibi kwenye tarehe ya kubahatisha ya karani na kumpeleka kwenye tarehe ya kubahatisha ya Stanley naona ni kuhama chumba katika nyumba ileile inayovuja. Na Novemba inavuja kweli.

9 Desemba haihitaji maelezo, uhuru 1961 na jamhuri 1962. Ni mapumziko, watoto wamefunga shule, wa mjini wanarudi. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari tarehe hiyo mwaka 1948, mwaka wa bibi, na mkoa unaohifadhi wakimbizi Nyarugusu haupaswi kuipita habari hiyo kama haipo. Lakini Desemba mfuko unagombewa: karo za Januari, safari za mwisho wa mwaka, tiketi zimekwisha. Mwaka 2032, 2033 na 2034 itakuwa mfungo. Isitoshe 1367 ilishakwisha mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo kwa msahafu wa babu tarehe zote mbili hizi za mwaka 1948 zinaanguka zenyewe.

7 Julai

Nilikuwa naikwepa kwa kuwa ni jibu rahisi mno. Kila kikao cha Watanzania kikishindwa kuchagua siku, kuna mtu atasema Sabasaba.

Lakini ipimeni. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na kwa hiyo nayo ina harufu ya chama, ila ni harufu ya chama cha bibi zetu wote, cha kabla hatujagawana kadi. Mwaka 2000 siku hiyohiyo mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kufanya kazi, na leo Burundi, Rwanda na Kongo zote zimo, yaani wageni wetu wote wa ng'ambo wanahusika. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hilo lilinigusa. Bibi hajui lugha nyingine ya kuandika zaidi ya hiyo, na aliijua kwa herufi za Kiarabu kabla hajaziona hizi za shule. Kenya wanaikumbuka kwa maandamano ya kudai vyama vingi mwaka 1990, London wanaikumbuka kwa mabomu ya 2005. Tarehe yoyote ukiichimba hukosi jeraha la mtu.

Ni mapumziko. Ni kiangazi, turubai halihitajiki, jioni kunakuwa na kaubaridi ka kujifunika shuka. Ramadhani haitaigusa mpaka mwaka 2046. Bibi atakuwa na miaka 98 na inawezekana mimi ndiye nitakayekuwa nimechoka kuandaa.

Kasoro zake mbili nazisema kabisa. Kwanza, kiangazi ndio msimu wa upepo wa kusini, ziwa linakuwa na mawimbi, na mtu wa kutoka Kalemie kwa boti atafika ameloa au hatafika. Pili, samaki. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ikiwa hivyo tena, Sabasaba inakukuta sokoni hakuna mgebuka mbichi wala dagaa wapya. Sherehe ya Ujiji bila mgebuka wa mawese! Mama mkubwa alisema hiyo si sherehe, ni semina.

Kwa hiyo?

Kwa mtu anayetaka jibu la haraka: kama wageni wenu wengi ni waajiriwa wa mbali, piganieni 7 Julai au 14 Oktoba, basi, mengine ni mapambo. Kama watu wenu wako hapahapa mkoani, mapumziko ya kitaifa hayawasaidii kitu, tena yanawanyang'anya mgeni wa heshima; siku yenye sherehe ya nchi inamfanya mzee awe kipindi cha pili baada ya taarifa ya habari. Hapo chukueni siku ndogo yenye habari ya kwenu, kama ile ya meli.

Nilikuwa nimefika hapo, karatasi mkononi, nikaenda kumsomea bibi. Alikuwa barazani na ungo wa dagaa wakavu, anatoa changarawe moja moja na kuzirusha kwa kuku, ambao walikuwa wanazikimbilia na kukuta si kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeniletea siku?"

Nikamsomea zote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumemuuliza yeye: "Na giza mmelihesabu?"

Asiyekaa na wavuvi hatamwelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Kwa hiyo mwezi wa wavuvi una vipande viwili, giza ambalo wanaume wako ziwani, na mbalamwezi ambayo wako nyumbani wanashona nyavu. Zamani hizo walitumia moto wa kuni mbele ya mtumbwi badala ya taa, lakini hesabu ni ileile.

"Mama aliniambia nilikuja usiku wa giza," akasema. "Wanaume wote majini, hakuna wa kumtuma kwa mkunga. Na jikoni kulikuwa na nyama ya vunjajungu haijaiva. Mama hakuionja. Asubuhi yake au keshokutwa yake watu wakafunga."

Nyama ya vunjajungu, ile karamu ya kuaga kula kabla ya Ramadhani kuanza! Wiki tatu tunabishana kuhusu Ronaldo, na bibi amekaa na tarehe yake kwenye ungo.

Nikafanya hesabu palepale kwa simu na kidole. Tarehe 1 Novemba 1948 jua lilipatwa kabisa, kivuli kikapita Kongo na Kenya. Jambo hilo limeandikwa, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa gizani. Rudi nyuma miandamo minne, siku 118. Unaangukia 6 Julai 1948. Ramadhani ya 1367 kwa hiyo iliandama kama tarehe 8 Julai, siku moja mbele au nyuma kulingana na aliyeuona mwezi. Usiku wa giza, nyama jikoni, mfungo haujaanza: bibi alizaliwa tarehe 5, 6 au 7 Julai. Yule karani aliyegonga bila kuinua macho alikosea kwa siku chache tu, hata wiki haijafika. Na ile 14 Oktoba ya mama mkubwa, mwaka ule ilikuwa siku ya pili au ya tatu ya Idi Kubwa, mwezi umekaribia kujaa; wanaume wangekuwa nyumbani wote.

Nikaandika kwenye grupu: Sabasaba. Mjomba wa Kalemie akajibu kwamba ataondoka mapema, tarehe 3, asubiri upepo utulie. Mama mkubwa akauliza tena kuhusu samaki. Nikamsomea bibi ujumbe huo.

"Mwambie asihangaike na samaki," akasema, akirusha changarawe nyingine. "Kuna nyama ya mama yangu mnadaiwa."